Verni Yenye Kuwaka Kama Noti

Apana, kuwaka si kutoa umeme! Dada yangu Saliha anachajia watu simu hapa mutaani Carama, na pano yake moja, ile paneli ya umeme wa jua, ndiyo inalisha watoto wake. Leo muuzaji amemuletea verni, rangi ya kupaka juu ya pano, yenye madini adimu, eti inageuza mwangaza wenye hatuone kuwa mwekundu, pano ipate nguvu zaidi. Akaimulika na taa ya kukagua noti za pesa, ikawaka nyekundu.

"Unaona? Ni ya kweli, kama noti!"

Saliha akashika burashi. Nikamupokonya, nikamugeukia muuzaji.

"We, pano ni noti? Paka kwanza pano ya kwako, tupime umeme kabla ya kupaka na kisha kupaka!"

Muuzaji akabeba kopo lake, akaenda akinitukana. Verni inaweza kuwa nzuri, lakini mutu mwenye kukimbia kipimo simuamini. Akifika kwenu, mupime kwanza ao mumufukuze!