Albamu Inayoanza kwa Ufagio

Saa moja asubuhi, Emery Kabanda anapanda juu ya kiti cha plastiki mbele ya kibanda chake cha Kashojwa, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na kufuta vumbi kwenye paneli ya sola kwa kitambaa kibichi. Anaifuta taratibu, pembe hadi pembe, kama mtu anayemnawisha mtoto uso. Jua halijapata nguvu bado, lakini wateja wameshaanza kufika na simu zao mkononi.

Kila simu anayoipokea anaifunga kipande cha kitenge, na mwenye simu anaondoka na kipande kingine cha kitenge hicho hicho. Aliyepewa kipande chenye picha ya samaki atachukua simu yenye samaki. Aliyepewa maua, yenye maua. Vitambaa hivyo ni mabaki ya cherehani ya mke wake, Georgette, na tangu aanze kuvitumia hakuna aliyeondoka na simu ya mwenzake. Kuchaji ni shilingi mia tano. Kuwekewa nyimbo kwenye memori kadi ni mapatano.

Leo Jumamosi, simu moja haiko kwenye chaji. Iko juu ya kigoda katikati ya ua, imefunikwa leso, ikisubiri watu waje waseme nayo. Ni simu ya Emery mwenyewe, nayo itarekodi salamu za watu wa Kashojwa kwa mwimbaji Sifa Étoile wa Bukavu, kumshukuru kwa albamu yake. Mchana atapita dereva wa lori aitwaye Yasiin, anayepeleka mzigo Bukavu, kuichukua kadi yenye salamu hizo.

"Batu bote batasema," anasema Emery, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja. "Lakini ile sauti niko nataka sana, mwenyewe anakatala."

Mwenyewe ni Georgette. Yuko nyuma ya kibanda akitafuta ufagio, na amekwisha kusema msimamo wake: atafagia, atachemsha chai, atawapa watu viti, lakini hana la kumwambia nyota.

Kwa miaka mingi Sifa Étoile alijulikana hapa kwa jambo moja tu, kuchezesha watu. Hapakuwa na harusi bila nyimbo zake. Kisha mwaka jana, 2013, akatoa albamu iitwayo Chumba cha Nyuma, ambayo haina hata wimbo mmoja wa kukata kiuno. Anaimba kuhusu mama yake, kuhusu ndugu waliogombana, kuhusu woga wake mwenyewe anaposimama mbele ya kioo.

Emery aliinunua Mbarara, kwa mfanyabiashara wa diski aitwaye Muzamiru, bila kuisikiliza. Jina la Sifa lilitosha. Aliporudi Kashojwa, hakuna mteja aliyeitaka.

Sababu ilikuwa namna anavyouza. Kwa Emery nyimbo huonjwa kama mchuzi. Anapiga mwanzo, mteja anatikisa kichwa au anakubali, wanaingia wimbo mwingine. Wimbo usiomshika mtu kabla hajakaa vizuri kwenye benchi, umekwisha. Na wimbo wa kwanza wa albamu ile, uitwao Ufagio, unaanza kwa sauti ya ufagio kwenye sakafu ya udongo. Ufagio tu, shwaa, shwaa, muda mrefu, kabla mtu hajafungua kinywa.

Wateja walimuuliza kama redio yake inatafuta stesheni. Yeye naye aliamini diski imeharibika. Akaifunga kwenye gazeti, akapanda gari hadi Mbarara kudai nyingine.

Muzamiru alimpokea kwa utulivu wa mtu aliyezoea malalamiko.

"Mzee Kabanda, wewe ulisikiza mpaka wapi?"

"Mpaka fasi iliharibika."

"Haikuharibika, ssebo, bwana wangu. Kaa chini."

Akaiweka kwenye spika kubwa za dukani. Ufagio ukafagia. Emery akanyoosha kidole, kana kwamba anamwonyesha mwizi. Muzamiru akamwashiria angoje. Ndipo sauti ya Sifa ikaingia, chini chini, bila gitaa. Alikuwa jukwaani katika mji wa mbali siku mama yake alipofariki. Alipofika nyumbani kaburi lilikuwa limefungwa, vyombo vya matanga vimeoshwa, wageni wametawanyika. Kilichobaki ni chumba cha mama. Akachukua ufagio. "Mmenibakizia vumbi tu," anaimba, "nami nimelipokea."

Watu waliokuwa wakichagua filamu waliacha kuchagua. Wimbo ulipokwisha, Muzamiru alimtazama mteja wake na kucheka. "Wewe ni mtu ya kwanza kurudisha ufagio kwa duka yangu."

Njia nzima ya kurudi Emery alikuwa akiandaa kichekesho cha kumsimulia mkewe, jinsi watu wa Mbarara wanavyonunua sauti ya kufagia. Alipofika nyumbani aliupiga wimbo ule ili wacheke pamoja. Georgette alikuwa akichambua maharagwe. Ulipofika kwenye vumbi, ungo ulikuwa umekwisha wekwa chini.

"Rudisha," alimwambia.

Aliurudisha. Hakuna aliyecheka, na Emery anasema hapo ndipo alipokumbuka jambo ambalo hakupaswa kulisahau.

Walitoka Kivu Kusini, Kongo, karibu na Sange, mwaka 2005. Mama mzazi wa Georgette, Eugénie, alikataa kuliacha shamba lake. Mwaka 2010 habari ya kifo chake ilikuja kwa simu, siku mbili baada ya mazishi. Majirani wa Kashojwa walikuja wakakaa kilio kwenye mkeka, wakaimba, wakala, wakaenda. Georgette, aliyekuwa akianzisha nyimbo katika kwaya ya kanisa, alirudi kwenye cherehani yake. Kwenye kwaya hakurudi. Hakugombana na mtu. Walipomuuliza, alisema koo limekauka.

Asubuhi iliyofuata baada ya diski kurudi, Emery alimsikia akifagia ua. Kati ya shwaa moja na nyingine alikuwa akiuimba wimbo ule puani.

Tangu siku hiyo Emery aliipiga albamu nzima kila asubuhi, kutoka mwanzo hadi mwisho, mteja apende asipende. Haikuwa biashara nzuri. Nestor, anayechaji simu ng'ambo ya barabara, aliongeza sauti ya muziki wa kucheza na kuwaita wapita njia.

"Kwa Emery ni kilio," alitangaza. "Kujeni huku, huku ni harusi."

Wengine walivuka. Lakini aliyeacha simu yake kwa Emery hakuwa na budi kuingoja, na katika kungoja alisikiliza. Mchuuzi wa nyanya, Nyirabahire, alikuwa wa kwanza kupewa simu yake na asinyanyuke. Alisema anataka kujua yule dada wa wimbo wa tatu amepatana na mwenzake au la. Kesho yake alikuja na jirani. Wiki ile ile watu walianza kuitaka albamu kwa jina, na Emery akaweka sharti jipya: hii haionjwi. Unaketi, unaisikiliza yote, ndipo unawekewa.

Sasa kila Jumapili baada ya ibada benchi hujaa. Hata watu wa Oruchinga, makazi mengine ya wakimbizi, wamewahi kuja. Na mwezi uliopita Nestor mwenyewe alivuka barabara akiwa na kigoda chake kichwani, akakaa nyuma kabisa, akasema amekuja kukagua spika tu.

Ua umefagiwa, chai imeiva, na watu wanasema mmoja mmoja. Nyirabahire anainama hadi mdomo unakaribia kuigusa simu.

"Dada Sifa, mimi ninauza nyanya. Wimbo wako wa tatu umenifanya nimpigie dada yangu. Tulikuwa hatusemezani miaka mingi. Alianza kwa kunitukana, lakini tulicheka mpaka salio likaisha."

Nestor anajitambulisha kama jirani mbaya wa Emery. Anamshukuru Sifa kwa kumfundisha kukaa kimya, watu wanapiga makofi, naye anaongeza kwamba wakipata na wimbo mmoja wa kucheza hawatakasirika. "Lakini usijiharakishe, mama. Fanya polepole."

Honi ya lori inasikika barabarani. Yasiin amefika mapema na hana mahali pa kuegesha. Emery anamtazama mkewe, aliyeshika vikombe vitupu, kisha anainama kuzima simu.

"Ngoja, Baba Joël," anasema Georgette, akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao.

Georgette anaviweka vikombe chini. Anaiinua simu, anaketi kwenye kigoda na kuipakata kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani.

"Sina maneno," anaiambia. Halafu anaimba Ufagio.

Sauti inaanza nyembamba, inakwaruza, kisha inapata njia yake. Pale Sifa anapomtaja mama yake, Georgette anamtaja wa kwake: Eugénie. Wanakwaya wawili waliokuja kuchaji simu wanasimama na kuitikia, bila kuombwa, kama walivyomwitikia zamani. Nyirabahire anapiga vigelegele katikati ya wimbo wa huzuni na hakuna anayemkemea. Barabarani, injini ya lori inazimwa.

Georgette anapomaliza anacheka, anajifuta uso kwa upande wa kitenge. "Kumbe koo liko," anasema.

Emery anawapigia walichorekodi, kuhakikisha. Badala ya salamu, kinachosikika ni shwaa, shwaa, ndefu. Aliiwasha simu mapema kuijaribu akasahau kuizima, na Georgette alikuwa akifagia ua. Nestor anamshauri aikate sehemu hiyo, maana nyota atadhani kadi imeharibika.

"Na yeye asikilize mpaka mwisho," Emery anajibu, na ua mzima unaangua kicheko.

Mpango wake ni benchi la pili na paa la turubai, maana mvua za Septemba zinakaribia na Jumapili wasikilizaji hawatoshi kivulini. Georgette ana mpango mfupi zaidi. Kesho anaenda kwaya, na tayari ameuliza sare ni rangi gani siku hizi.

Emery anaizima simu. Anaitoa kadi kwenye simu, anaifunga kwenye kipande cha kitenge cha samaki na kumkabidhi Yasiin. Kipande cha pili anampa Georgette, naye anakifunga kwenye pindo la nguo yake.

"Siku Sifa atafika Nakivale," Emery anamwambia dereva, "umwambie akuje na kitambaa chake. Hapa hatupatie mutu kitu bila kitambaa."