Tulipotua Vyungu Kwa Wapagazi

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tano, hakuna mtu wa kijiji chetu aliyethubutu kupita Kwa Wapagazi akiwa juu ya baiskeli. Mwalimu mkuu alishuka. Katekista alishuka. Hata muuza samaki wa Kilosa, ambaye hakuwa na breki wala muda wa kumsalimia mtu, alianza kuburuza viatu chini tangu juu ya mteremko ili akifika pale awe amesimama.

Pale penyewe hapakuwa na cha kutisha macho. Ni kando ya barabara ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi, inaposhuka kwenye bonde la Mto Miyombo. Palikuwa na kipande cha ardhi ambacho hakuna aliyekilima, vichaka, na vituta vya udongo vilivyokwisha kulainika kwa mvua za miaka. Wazee walisema pale walizikwa wapagazi wa vita ya Mjerumani, ile ya kwanza, Mwingereza alipokuwa akimfukuza Mjerumani kuelekea kusini. Hawakuwa askari. Walikuwa watu waliokamatwa vijijini wakabebeshwa mizigo ya askari, wakafa kwa njaa, kuhara na uchovu, wakafukiwa walipoangukia.

Kwa hiyo ukipita pale na mzigo unashuka, unautua chini, unawaamkia, unawapa pole, ndipo unaunyanyua na kuendelea. Usipofanya hivyo, mmoja wao atapanda kwenye keria yako, maana amechoka kutembea, na utampandisha kilima kizima cha ng'ambo ya mto.

Bibi yangu, mama yake Baba, alikuwa Mwanglikana wa benchi la mbele, na aliwacheka watu wanaovaa hirizi. Lakini Kwa Wapagazi alitua hata kikapu cha mchicha. Siku moja nikamtania.

"Bibi, na mchicha nao umechoka?"

"Mke mwenzangu, una mdomo wewe," akasema. "Tua."

Mwaka huo nilikuwa na shida moja tu duniani, nayo ilikuwa baiskeli. Baba alikuwa na baiskeli nyeusi ya Kichina, na mimi nilikuwa nimejifunza kuiendesha kwa wizi, mguu mmoja nikiupitisha chini ya bomba la fremu kwa sababu sikufikia kiti. Shule ilikuwa mbali. Nilitaka niende nayo. Baba alisema mtoto wa kike na baiskeli wapi na wapi. Bibi akanitetea wiki nzima, asubuhi na jioni, mpaka Baba akachoka.

"Haya, Mama," akamwambia. "Jumamosi nendeni naye Ulaya mkalete vyungu vya harusi ya dada yangu. Vikifika vyote vitatu, baiskeli ya shule anayo. Kikivunjika hata kimoja, nisisikie tena habari hiyo."

Ulaya ni kijiji kimoja cha kule kwetu, si kule kunakopandiwa ndege. Tulifika mapema. Mfinyanzi, mama mmoja mwenye mikono ya udongo hadi viwikoni, alivipanga vyungu kwenye tenga, akashindilia majani makavu, kisha akanisaidia kulifunga tenga kwenye keria kwa mpira wa tyubu. Kurudi, njia ikiwa tambarare, Bibi alitembea nyuma yangu kwa mwendo wake ule wa kusimama kila nyumba kujulia hali. Nikaona tutalala njiani. Nikamwomba nitangulie.

"Tangulia," akasema. "Ila Kwa Wapagazi ushuke, unisubiri, tutue wote. Peke yako tenga hulimudu."

Sikumsubiri. Sababu zangu zilikuwa nyingi, na zote zilikuwa za mtoto. Kumsubiri Bibi kulikuwa sawa na kusubiri masika. Halafu mteremko ule ulikuwa mzuri, upepo unaingia kwenye gauni, na mimi kwa mara ya kwanza nilikuwa na baiskeli bila kuiiba. Nikapiga kengele nikapita kama mkuu wa wilaya. Wala sikugeuza shingo.

Nikavuka daraja. Kilima kilipoanza, baiskeli ikawa nzito.

Kwanza nilidhani ni kilima. Nikasimama juu ya pedali, nikakanyaga kwa uzito wangu wote, na bado gurudumu la nyuma lilizunguka kwa shida, kama kuna mtu amelishika. Kisha nikasikia sauti nyuma yangu, kh, kh, kh, ya mtu anayepumua kwa taabu. Hadi leo naweza kukuonyesha mahali penyewe. Nilijua kabisa kwamba nikigeuka nitamwona amekaa kwenye keria, miguu inaning'inia. Nikageuka, na baiskeli nayo ikageuka. Tukaanguka wote, mimi, tenga na baiskeli.

Hapakuwa na mtu. Palikuwa na mpira wa tyubu uliolegea, ncha yake imejiviringa kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma, unakwaruza spoku. Ningeshuka kule chini ningeuona. Leo nalisema hilo kwa utulivu. Siku ile nilifungua tenga, nikaona chungu kikubwa kimepasuka vipande vitatu, nikakaa chini nikalia, na sikuwalilia wapagazi. Nililia baiskeli.

Bibi alinikuta hapo.

"Umeumia?"

"Hapana, Bibi."

"Ulinisubiri?"

Nikaanza kuokota vigae, naye hakuuliza tena. Alivitoa vile vyungu viwili vizima, akakikagua kila kimoja, akaufungua mpira kwenye ekseli kwa meno na kucha, kisha akajitwika tenga kichwani.

"Geuza baiskeli," akasema. "Tunarudi."

Tukateremka kile kilima, tukavuka daraja, tukarudi Kwa Wapagazi. Akanipa upande mmoja wa tenga, tukalitua taratibu kwenye majani.

"Shikamooni, wazee," Bibi akasema. "Poleni na mizigo. Mtoto alikuwa na haraka."

Nikaamkia na mimi. Nikamuuliza kama wamekasirika.

"Wakasirike nini? Wamechoka tu." Alikaa chini, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya pale. "Baba yangu alichukuliwa nikiwa bado mgongoni mwa mama. Walimtwika sanduku la risasi, wakaondoka naye. Alirudi mwenzake mmoja, akasema walipotezana huko mbele, kusini. Basi. Hana kaburi tunalolijua."

"Kwa hiyo hawa ni wa kwetu?"

"Hata! Hawa walikuja na jeshi, labda ni Wanyamwezi, labda Wasukuma, nani anajua. Ni baba za watu." Akachuna jani kavu lililoganda kwenye khanga yake. "Mimi nawapa pole hawa. Nasema moyoni, huko alikolala baba, labda kuna mtoto wa mtu anatua mzigo wake, anampa pole na yeye."

Tulifika nyumbani jua limeshuka. Baba akachungulia kwenye tenga, akahesabu, akanitazama mimi.

"Kimoja nimekivunja mimi," Bibi akasema kabla sijafungua mdomo. "Unataka kunichapa?"

Baba hakuwa na la kumfanya mama yake. Jumatatu nilikwenda shule kwa baiskeli.

Ninajua kwamba Bibi alidanganya, yeye na benchi lake la mbele, na ninampenda kwa uongo ule kuliko kwa mengi aliyonifundisha ya kweli. Sasa naishi Morogoro. Mwisho wa wiki naendesha na kikundi chetu cha baiskeli, zile za tairi nyembamba, tumevaa nguo za kubana ambazo Bibi angeziombea. Mwezi uliopita tulipita njia ile, Kilosa hadi Mikumi. Vichaka vimepungua, mahindi yamesogea hadi karibu kabisa, lakini kile kipande bado hakijalimwa. Nikashuka. Nikavua kibegi changu cha mgongoni nikakiweka kwenye majani.

Kabula, msichana aliyejiunga nasi mwaka huu, akafunga breki nyuma yangu.

"Dada, pancha?"

"Hapana. Nawapa pole wazee." Nikamweleza kwa ufupi, nikitegemea acheke. Vijana wana haki ya kucheka.

Hakucheka. Alishuka, akabaki ameshika usukani.

"Kwetu Tabora kuna babu alikwenda kubeba mizigo ya vita hiyo," akasema. "Hakurudi. Bibi yangu anamtaja kila tukikusanyika, anasema hatujui tumwombee tukielekea upande gani."

Nilitazama vile vituta ambavyo Bibi alivipa pole maisha yake yote bila kujua ni vya nani.

"Basi tua begi lako," nikamwambia.

Akalitua kando ya changu. "Shikamooni," akasema, kwa sauti ya mtu anayebisha hodi. Nami nikaamini, kwa mara ya kwanza bila kumtania Bibi, kwamba hata baba yake Bibi, huko kusini alikolala, kuna mtoto wa mtu aliyewahi kusimama kwake.