Kitambaa cha Mama Nyuzi

Mama Nyuzi hakupewa jina hilo kwa kufuma. Huyu hajui hata kushona kifungo, na kaka yake, fundi cherehani wa miaka nenda rudi, hachoki kumcheka. Jina alipewa na wenzake wa maabara, kwa ajili ya mashine anayoiendesha.

Mashine yenyewe wala haitishi. Kuna bomba la sindano lililojazwa uji mwepesi wa protini ya ngozi za samaki, zile zinazotupwa, uliochanganywa na majimaji ya majani ya mwarobaini. Mbele yake kuna pipa dogo la chuma linalozunguka. Ukiwasha umeme, tone kwenye ncha ya sindano linavutika na kuwa uzi, na uzi wenyewe mwembamba hata macho hayauoni. Unachokuja kukiona ni utando mweupe umetanda kwenye pipa. Huo ni wa kufunikia vidonda: protini inausaidia mwili kujijenga, mwarobaini unawakaba vijidudu. Ila kwanza lazima ulazwe kwenye kabati la mvuke wa dawa mpaka ukomae, maana ukiwa mbichi hauvumilii maji hata kidogo. Wanafunzi wakisahau hilo, Mama Nyuzi huwapa za uso. Mdomo anao, jamani.

Sasa kaka mtu akapata kidonda mguuni. Kisukari hicho. Kiatu kilimchubua kidogo tu, akapuuza, kidonda kikagoma kufunga. Hospitali wakamwambia asipokiangalia, kidole kitaondoka, na pengine mguu mzima. Na mguu huo ndio unaokanyaga cherehani.

"Mdogo wangu," Fundi alimwambia, "kutwa unatengeneza vitambaa vya vidonda, na mimi ninaoza hapa. Niletee kipande."

"Kaka, hakijajaribiwa kwa watu. Hairuhusiwi."

"Kwani mimi si mtu?"

"Wewe ndiye ninayekuhofia."

Fundi akanuna. Dada akipiga simu, anapokea wifi: "Anasema amelala." Amelala saa nne asubuhi! Mama Nyuzi alielewa, na ilimuuma sana. Kaka huyu ndiye aliyemshonea sare za shule kwa mabaki ya vitambaa vya wateja, akiunga kipande kwa kipande mpaka mshono usionekane.

Mwishowe uzalendo ukamshinda. Jioni moja wenzake wakiwa wananawa mikono, alichomoa kipande kwenye trei kwa kibano, akakitia kwenye bahasha safi, bahasha ikaingia mkobani. Mtu wa kugombeza wenzake, leo mwizi!

Alimkuta Fundi amekaa, mguu juu ya stuli. Kununa kote kuliisha alipoiona bahasha. Mama Nyuzi akanawa, akavaa glavu, akaanza kufungua bandeji.

"Hebu nikione kwanza," Fundi akasema.

Fundi huyu hajawahi kupokea kitambaa bila kulamba kidole na kukifikicha pembeni. Ndivyo anavyojua kama kitatoa rangi. Kabla dada hajamzuia, amekwisha lamba, amekwisha fikicha. Pembe nzima ya kitambaa ikanywea, ikawa ute kidoleni, ikaisha.

"Eh! Nguo gani hii inayeyuka kwa mate?"

Ndipo Mama Nyuzi alipong'amua. Trei zilikuwa mbili, ya vibichi na ya vilivyokomaa. Katika haraka za wizi wake alikuwa amechomoa kwenye vibichi, kosa lile lile analowapigia kelele wanafunzi. Kingeyeyukia ndani ya kidonda, na Mungu ndiye ajuaye kingefuata nini.

"Ningekumaliza, kaka," akasema, akaangua kilio.

Fundi akajifuta kidole kwenye suruali. Hasira zilikuwa zimemtoka zote. "Nyamaza, bwana. Mimi nikikata vibaya, mteja anabanwa kwapa, basi. Kazi yako wewe haitaki haraka. Haya, nifunge bandeji yangu."

Kesho yake Mama Nyuzi alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa maabara, akasema yote. Alinyang'anywa ufunguo wa maabara kwa muda, na hakubisha. Tangu hapo, kila asubuhi alimpitia kaka yake na kumpeleka kwa nesi kusafishwa kidonda kwa chachi ya kawaida, njiani wakitaniana na kugombana kama zamani. Kidole kimoja kiliondoka. Mguu ulibaki, na cherehani ikaanza kulia tena, ingawa kwa kuchechemea.

Kibali cha kukijaribu kitambaa kwa wagonjwa kilikuja baadaye sana. Siku hiyo Mama Nyuzi alimwomba mkuu wake kipande kimoja, safari hii mbele ya watu wote, akakipeleka kwenye kibanda cha Fundi na kumwekea kiganjani.

Fundi akalamba kidole. Akafikicha. Akalamba tena, akafikicha kwa nguvu, jicho moja amelifumba. Kitambaa kikatulia, kizima. Akautazama mguu wake, pale palipokuwa na kidole. Kisha akamrudishia dada yake.

"Hiki sawa," alisema. "Hiki mvishe mtu."