Nakala ya Wiki Nzima

Tovuti ya kile chuo cha uuguzi niliitengeneza mimi, na nilijivuna nayo, nisidanganye. Seva yake ilikuwa Ulaya. Mtu wa Babati akitaka kuona majina ya waliochaguliwa alisubiri mpaka akakata tamaa. Nikaiunganisha na huduma inayoweka nakala za kurasa kwenye mitambo ya karibu, Dar es Salaam na Nairobi, ili ukurasa usivuke bahari kila ukiitwa. Nikaiagiza mitambo hiyo ikae na nakala wiki nzima ndipo ikaulizie mpya. Wiki nzima! Akili yangu yote ilikuwa kwenye kasi. Tovuti ikawa inafunguka kufumba na kufumbua, mkuu wa chuo akanisifu mbele ya watu.

Mpwa wangu alikuwa ameomba nafasi hapo. Orodha ya kwanza ilitoka, hayumo. Dada yangu, mama yake, akasikia kuna majina ya nyongeza. Akatoka Mutuka asubuhi, akapitia kwangu Bagara kuniaga. Anapanda gari, aende chuoni akayasome mwenyewe ubaoni.

"Dada nawe! Siku hizi nani anasafiri kwenda kusoma karatasi ukutani?" Nikamcheka, haki ya Mungu. Nikafungua simu mbele yake. Majina yalikuwa yale yale. "Hayumo. Ungejisumbua bure."

Akarudi nyumbani. Kumbe nyongeza ilikuwa imepandishwa tangu jana yake, binti yumo, mwisho wa kuripoti Ijumaa. Simu yangu ilinisomea nakala ya zamani.

Jina lake nililiona Jumatatu iliyofuata, muda wa nakala ulipokwisha. Nikapiga simu chuoni. Nafasi ameshapewa mwingine.

Siku hiyo hiyo nikaenda Mutuka, nimeazimia kusema yote. Binti alikuwa anapalilia mahindi. "Shikamoo, anko," akasema, jembe halikusimama. Nikamwambia dada kwamba jina lilikuwepo, ila mtandao…

"Aa, mtandao!" Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini akanishika bega. "Usijitese, mdogo wangu. Kwani ungeliona ungemficha mtoto wa dada yako?"

Hapo ndipo nilipopaswa kumwambia kuwa ile wiki niliiweka mimi. Nilikuwa mwoga, sina jina lingine la kujiita.

"Nisingemficha," nikasema.

Akaenda kunipikia. Chakula kilipoletwa, mpwa wangu akaninawisha mikono, nikala.