Springi za Kubebea Keki

Gari la Mama Keki lilikuwa dogo na la zamani, rangi yake ya bluu imepauka kama jinzi iliyofuliwa mpaka ikachoka. Mtaani walilisikia kabla ya kuliona. Lakini lilikuwa lake, kaachiwa na baba yake, na ndilo lililozitoa keki jikoni kwake na kuzifikisha kwenye kumbi za harusi upande wa pili wa mji. Mwenyewe alikuwa na mkono, hilo hata wasiompenda walikubali. Krimu yake ilikuwa laini mpaka watu wakabishana kama kaikoroga au kaibembeleza. Shida haikuwa jikoni. Shida ilikuwa njiani.

Keki mbili mfululizo zilifika zimeharibika. Moja iliinama ghorofa ya juu kama mtu anayesinzia kwenye kiti. Nyingine ilipasuka katikati, akaufunika ufa kwa maua ya sukari. Meneja wa ukumbi mkubwa, mama wa miwani ya kuning'inia shingoni, aliuona ufa. Hakufoka. Bora angefoka.

"Mdogo wangu," alisema taratibu, "keki yako tamu, sina ubishi. Ila maharusi wanaipiga picha kwanza, kula baadaye. Jumamosi nataka ya ghorofa nne. Hiyo nayo ikija imepinda, nitatafuta mtu mwingine, wala tusinuniane."

Ukumbi ule ndio uliompa kazi karibu kila wiki. Akirudi nyumbani siku hiyo, alikuwa anaendesha huku anahesabu mashimo.

Mwenye mkono katika balaa hili alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, kijana wa maneno mengi kuliko spana. Springi za nyuma zilikuwa zimechoka, gari limelala kwa nyuma kama kuku anayeatamia. Shemeji akachukua vipande vya raba nene, akavishindilia katikati ya mizunguko ya springi. Gari likanyanyuka.

"Shemeji, umeliona linavyosimama? Kama jogoo!" alijisifu.

Kusimama lilisimama. Lakini springi iliyojazwa raba haibonyei tena. Kila shimo la barabarani sasa lilipanda moja kwa moja hadi kwenye keki. Mama Keki aliliona hilo kwanza kiunoni mwake, ila akanyamaza, maana shemeji alikuwa amejitolea na hakutaka kumvunja moyo.

Baada ya maneno ya meneja, kunyamaza kukamshinda. Alhamisi asubuhi alimpakia mwanawe mdogo, akalipeleka gari kwa fundi mmoja wa jirani aliyeitwa Mluzi, kwa kuwa hafungui nati bila kupiga mluzi.

Mluzi alilipandisha gari kwa jeki, akaingiza kichwa chini. Mluzi ukakatika.

"Dada, nani kakufanyia haya?"

"Ndugu."

"Basi nanyamaza." Alichomoa raba, akatoa springi ya kushoto, akamwonyesha mzunguko wa chini. Ulikuwa umekatika. "Hii ilishakufa zamani. Hizi raba zilikuwa sanda tu. Na tunabadilisha zote mbili za nyuma. Ukibadilisha moja, gari litatembea kama mtu aliyevaa kiatu mguu mmoja."

Wakaenda duka la spea, hatua chache tu kutoka gereji. Muuzaji alikuwa na njiti ya kuchokolea meno mdomoni, haitoi hata akiongea. Aliweka juu ya kaunta jozi mbili. Moja ilikuwa ya chuma kinene, nyeusi inayong'aa. Nyingine ilikuwa nyembamba, ya gari la aina ile ile kama lilivyotoka kiwandani.

"Chukua hizi nene," alisema muuzaji. "Hizi hata ukipakia saruji hazilali."

"Mimi sipakii saruji, kaka. Napakia keki."

"Keki ina uzito gani sasa?"

"Ndiyo maana sitaki chuma cha saruji."

Muuzaji akacheka mpaka njiti ikaanguka. Lakini Mluzi naye alikuwa upande wa zile nene. "Dada, gari lako lilikuwa limelala. Gari likilala, unalitia chuma chenye nguvu."

"Lililala kwa uzee, siyo kwa mzigo," alisema Mama Keki. Halafu, kwa vile hakutaka ubishi, akaongeza, "Tuzijaribu zote. Muuzaji, isiyofaa tutakurudishia safi, haina hata alama ya kidole."

"Kwa kuwa umenichekesha, sawa."

Mluzi akafunga zile nene. Gari likainua makalio juu kama panzi anayetaka kuruka. Akawa tayari kumpa ufunguo, lakini Mama Keki alirudi kutoka bomba la gereji na beseni la maji, limejaa mpaka ukingoni.

"Hilo la nini?"

"Hii ndiyo keki yetu ya leo. Kaa nyuma, uipakate."

"Mimi?"

"Wewe si ndiye uliyezichagua?"

Akampa mtoto mke wa muuzaji, aliyetoka dukani kutazama, akakaa kwenye usukani, akashika ile barabara mbovu ya nyuma ya gereji, taratibu kama anavyobeba keki. Shimo la kwanza tu, Mluzi akapiga kelele. La pili, akanyamaza kwa sababu maji yalikuwa mdomoni. Waliporudi, beseni lilibaki nusu, na yeye amelowa kuanzia kifuani hadi magotini.

"Hata sijaomba kuoga," alisema, akijikamua shati.

Muuzaji alikuwa ameshika mlango ili asianguke kwa kicheko.

Mluzi akalipandisha tena gari kwa jeki. Alizitoa zile nene, akazifuta kwa kitambaa, akafunga zile nyembamba. Gari likatulia, halikulala wala halikuinua makalio. Alikagua na shokapu za kutuliza mtikisiko, akazibonyeza, akaridhika. Beseni likajazwa upya. Safari hii kwenye mashimo yale yale maji yaliyumba yakarudi, yakaumba mawimbi madogo, yakatulia. Yaliyomwagika yalikuwa ya kulowesha kidole.

"Hizi," alisema Mluzi kutoka nyuma, kwa sauti ya mtu aliyeongoka. "Dada, ni hizi."

Jumamosi keki ya ghorofa nne ilipanda ndani ya gari. Mama Keki hakuwasha hata redio. Alifika ukumbini akafungua mlango wa nyuma huku amefumba jicho moja. Ilikuwa imesimama. Kila ua mahali pake.

Meneja alivaa miwani yake, akaizunguka keki, akainama, akainuka, akazunguka tena upande wa pili. Akatafuta ufa kama anayetafuta sindano. Hakuupata.

"Jumamosi ijayo zipo mbili," alisema. "Na mwezi ujao harusi zote ni zako, kama utaziweza."

"Nitaziweza, dada."

Alitoka nje kwa mwendo wa heshima, akaingia garini, akafunga mlango. Halafu akapiga honi. Akaipiga mpaka kwenye kona, akaipiga mbele ya duka la spea, akaipiga nje ya gereji ambako Mluzi aliinua spana juu kama kombe, na alipofika mtaani kwake watoto walikuwa wameshatoka mbio kuuliza nani kaolewa.