Mgomba Uliozikwa kwa Jina la Ambilikile

Stoo ya kanisa letu kule Mbebe ilinuka popo. Popo, vumbi, na karatasi zilizonyeshewa zikakauka, zikanyeshewa tena. Nilikuwa darasa la sita, likizo ya Juni, baridi ya Ileje inakata masikio, na badala ya kuota moto jikoni kama watoto wenye akili zao, nilikuwa nimepiga magoti sakafuni napekua vitabu vya ubatizo. Bibi yangu mzaa mama alikaa juu ya gunia la mahindi ya sadaka akisimamia kazi. Macho yake yalikuwa yamefifia, ila ulimi haukufifia hata kidogo. "Wewe pua yako huingia kila chungu," aliniambia. "Haya, leo nimekupa ruhusa. Ingiza!" Nami udadisi ndio ulikuwa ugonjwa wangu, sikungoja kuambiwa mara mbili.

Tuliyekuwa tunamtafuta ni baba yake. Ambilikile aliondoka Bibi akiwa bado na meno ya utoto, akaenda Zambia kwenye migodi ya shaba kama wanaume wengi wa milima yetu, na hakuonekana tena. Katika ukoo wetu, mtu akipotea hivyo, wazee husubiri. Wakichoka kusubiri hukata mgomba, huuvika shuka, huuzika kwa jina lake. Watu hulia, matanga huisha, mjane huwa huru. Ndivyo walivyomfanyia Ambilikile, na kaburi lake lilikuwa nyuma ya nyumba, limezungushiwa mawe. Bibi hakuwahi kuuamini mgomba ule. Majirani walimwambia kweupe kwamba baba yake alipata mke wa Kibemba, akawatupa. Asiyekuwapo na lake halipo, nani angemtetea? "Nikifa bila kujua kama alinitupa, nitamkuta huko ahera nimenuna," alisema. Alisema akicheka, lakini mimi nikazidi kuona lazima tujue.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na niliinama hadi mgongo ukaniuma. Jina lake lilikuwapo, kwa wino uliogeuka rangi ya chai: amebatizwa, ameoa, amepewa cheti cha msafiri. Basi, hapo yakaishia. Nilitaka kulia kwa hasira. Mwinjilisti aliyetufungulia stoo, mzee mpole mwenye koti la sufu, ndiye aliyetuonyesha njia. "Mama, waliokwenda migodini wote walipitia Nakonde," alimwambia Bibi. "Walilala kanisani pale, wakatoa sadaka ya safari. Wale wenzetu wana tabia ya kuandika. Nendeni mkaulize." Wajomba zangu waliposikia walicheka. Bibi mzima, tena mgonjwa wa miguu, anakwenda kumtafuta marehemu! Kesho yake alfajiri tulikuwa juu ya Fuso la ndizi, tumejifunika turubai, tunateremka kuelekea Tunduma.

Tunduma sikuwahi kuiona. Malori yalipanga foleni ambayo mwisho wake sikuuona, hewa ilikuwa dizeli na mahindi ya kuchoma, wabadili fedha walipunga vitita vya kwacha hewani, na wauzaji waliita wateja kwa Kiswahili, Kinamwanga na Kibemba katika pumzi moja. Nilidhani mpaka wa nchi ni ukuta au mto. Kumbe unavuka barabara tu, mama mmoja anakusalimia "mwapoleni", tayari uko Nakonde. Nilimuuliza Bibi mbona ardhi ya ng'ambo inafanana na ya kwetu. Akanijibu kwamba ardhi haijui habari hizo, nitazame ninapokanyaga.

Pale kanisani tulipewa kitabu cha sadaka za wasafiri, nikasoma kwa sauti, kidole kwenye mstari. Ambilikile wa Mbebe anaomba safari njema. Bibi alifumba macho. Nikafunua, nikafunua, kurasa nyingi mbele, mwandiko wa mtu mwingine kabisa: Ambilikile wa Mbebe anashukuru kwa kurudi salama. Jamani! Alirudi! Bibi alinishika mkono hadi kucha zikaniingia. Lakini mistari michache chini yake kulikuwa na jina hilohilo tena: anaomba safari njema. Mtu amefika Nakonde, nyumbani anapafikia kwa miguu, kisha anageuka? "Soma tena," Bibi alisema, na nilisoma tena, na maneno yakabaki yaleyale.

Aliyetufumbulia fumbo ni bikizee aliyeishi jirani na kanisa. Walimwita Bana Chanda, yaani Mama Chanda, na marehemu mama yake ndiye aliyewapikia wasafiri zamani. Bana Chanda, wakati huo binti mdogo, alimkumbuka vizuri mtu mmoja wa milimani aliyekuja na cherehani kichwani. Siku ya soko aliwaona wanawake wawili wa kwao wakiuza maharage, akawaita kwa majina yao. Wale wanawake walitupa vikapu wakakimbia. "Alibaki amesimama pale, watu wanamcheka," alisema Bana Chanda. "Akatuma salamu kwa wafanyabiashara, akangoja aje mtu kumchukua. Hakuja mtu. Akasema, basi, wamenikataa. Akaiuza cherehani yake, akarudi migodini."

Bibi alikaa chini palepale kwenye vumbi. Shangazi yake, alisema, aliwahi kurudi kutoka soko la Nakonde bila maharage wala kikapu, akaugua homa, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena soko lile. Kwetu ukikutana na mtu aliyekwisha kuzikwa, hutamki neno, maana ataifuata sauti yako hadi nyumbani. Shangazi alikufa na siri yake. Na salamu zilipofika kijijini, nani angezipokea? Hakuna aliyekuwa mbaya hapo, na hilo ndilo lililoniuma. Walimkimbia mtu waliyemlilia kwa machozi ya kweli. Bibi alilia kwa sauti, kisha akaanza kucheka huku analia. "Hakunitupa! Mmesikia? Baba yangu hakunitupa!" Tuliporudi Mbebe hakuita kikao. Alichukua jembe, akang'oa mawe ya kaburi lile moja moja, akasawazisha udongo, akasema, "Baba, pita." Wajomba walisimama mlangoni, hakuna aliyethubutu kumnyang'anya jembe. Ambilikile alifia wapi hatukujua, na Bibi hakuuliza tena.

Leo naishi Tunduma, nina mgahawa mdogo karibu na maegesho ya malori. Siku hizi picha ya mtu hufika Durban kabla chai haijapoa, na nilidhani kupotea kumekwisha duniani. Kumbe bado. Mdogo wangu alikwenda Afrika Kusini. Alikuwa akipiga simu kila Jumapili, sasa namba yake haipatikani, na wazee wameanza kusema tukate mgomba, tumalize, tusiteseke. Zamani tulimzika mtu kwa sababu habari hazikufika. Sasa habari zinafika kwa sekunde, ila uvumilivu wetu wa kungoja umekuwa mfupi kuliko wa wazee wale. Nimewakatalia. Kila dereva anayekula kwangu namwonyesha picha ya mdogo wangu, na namwambia neno moja kabla hajapanda lori: ukimwona mtu wa sura hii, hata kama amekonda, hata kama umeambiwa alishakufa, tafadhali usikimbie. Msalimie kwanza.