Mtumbwi Uliolala Chali

Kwa akina Lahtela mtumbwi mzima hulala kifudifudi, mdomo chini, na ulio mgonjwa hulala chali. Sheria hiyo aliiweka Vieno mwenyewe, zamani, mumewe akiwa hai na mitumbwi ya kukodisha ikiwa michache. Mtumbwi uliopasuka ulazwe chali kwenye nyasi kando ya kichanja cha mitumbwi, usiguswe na mtu mpaka kiraka kikauke na yeye au mwanawe Kurt aupapase kwa kiganja. Aliyeona mtumbwi kifudifudi alijua ni wa kwenda majini. Hapakuwa na haja ya vibao wala ya kuulizana, na kuulizana ni jambo ambalo Vieno hakulipenda hata kidogo. Ukimuuliza kitu alichokwisha kukisema mara moja, alikutazama kama umemkanyaga kidole.

Aliyetazamwa hivyo kuliko wote alikuwa Lorna, mke wa Kurt. Huu ulikuwa mwaka wake wa tatu pale ziwani. Alitoka mjini, kwenye duka la miwani, na siku ya kwanza alibeba kafi begani kama jembe. Vieno alicheka mpaka akakohoa, kisha kwa miaka mitatu hakuacha kuisimulia hadithi hiyo kwa kila mgeni aliyekuja kunywa kahawa. Lorna sasa alifunga mizigo ya chakula vizuri kuliko Kurt, aliwapeleka wageni gatini, aliwaonyesha kwenye ramani pa kulala na pa kubebea mitumbwi mabegani kutoka ziwa hadi ziwa. Vieno aliyaona yote hayo. Kuyasema ndiko kulikomshinda.

Siku hiyo ilikuwa mwishoni mwa Mei. Barafu ilikuwa imeyeyuka juzijuzi tu, na maji yalikuwa yale ya kumnyang'anya mtu pumzi akitumbukia, kisha mikono, kisha akili. Baada ya chakula cha mchana Vieno alichukua kipande cha msasa akatoka kukiangalia kiraka cha mtumbwi wa kijani. Wiki iliyopita wageni walikuwa wameubamiza kwenye mwamba. Kurt aliupaka gundi na kufunika ufa kwa utepe mpana, lakini kwa baridi ile gundi ilikuwa bado laini kama ugali wa moto.

Kwenye nyasi hapakuwa na mtumbwi. Palikuwa na alama ndefu ya majani yaliyolala, basi.

Alizunguka kichanja mara mbili akitumaini macho yake ya uzee yamemdanganya. Hayakuwa yamemdanganya. Akaita, na kwa jinsi sauti ilivyotoka Kurt alikuja mbio na bisibisi mkononi, Lorna nyuma yake na aproni ya jikoni.

"Wa kijani uko wapi?"

Lorna alisema amempa Bwana Haskell asubuhi. Bwana Haskell alikuwa mwalimu kutoka kusini, mtu mpole mwenye miwani, aliyekuja na binti yake Josie wa miaka tisa. Ilikuwa mara yao ya kwanza.

"Ulikuwa chali," Vieno alisema.

"Ulikuwa kifudifudi, Mama."

"Nani aliugeuza?"

Lorna alifungua mdomo, akamtazama mumewe, akamtazama mkwewe. "Si mimi."

"Basi umejigeuza wenyewe. Umechoka kulala chali, ukajipindua."

Lorna alivua aproni, akaenda ghalani, akarudi na mablanketi, kamba na mfuko wa nguo za sufu, akavitupa ndani ya mashua ya injini kabla Kurt hajamaliza kutukana. Kurt na mama yake walifunga mtumbwi mwepesi juu ya mashua. Mashua ilipoondoka Lorna alibaki gatini na mikono mitupu, na Vieno hakugeuka kumwangalia.

Hesabu ilikuwa rahisi, na ndiyo maana ilitisha. Mtu mgeni na mtoto, wakipumzika na kupiga picha, wangefika kwenye mkondo mwembamba kama saa sita au saa saba. Mkondo ule una mawe, na kila mtumbwi hukwaruzwa tumbo pale. Utepe ungebanduka. Kisha, baada ya mkondo, ndipo linapoanza ziwa kubwa lenyewe, Ziwa Otter, na kambi aliyopangiwa Bwana Haskell ilikuwa ng'ambo. Maji yangeanza kuingia wakiwa katikati kabisa. Na upepo wa kaskazini-magharibi ulikuwa umeshaanza kuinuka.

"Nimechoka naye," Kurt alipiga kelele kushinda injini. "Miaka mitatu, Mama. Kitu kimoja tu cha kukumbuka. Leo atanisikia."

Vieno aliitikia kwa kichwa. Manyunyu yalianza kushuka. Pembeni ya goti lake kulikuwa na ndoo ya kuchotea maji, iko wazi, na bila kufikiri aliinama akaigeuza kifudifudi.

Mikono ilikumbuka kabla ya kichwa. Alfajiri ile ile, kikombe cha kahawa mkononi, manyunyu kama haya. Alitoka kibarazani akaona mvua inaingia ndani ya mtumbwi wa kijani, juu ya gundi mbichi. Aliweka kikombe kwenye ngazi, akaupindua. Kwa muda tu, mpaka mvua ipite. Simu ikalia ofisini, mtu wa kwanza, kisha wa pili, kisha mayai yakawa yanaungua.

Ni yeye.

Alimtazama Kurt, taya limekaza, bado anamsema mkewe. Ilikuwa ni neno moja tu la kusema. Alilimeza. Alijiambia kwamba kwanza mtoto apatikane, na hilo lilikuwa kweli, lakini alijua pia kwamba halikuwa kweli lote.

Kwenye mkondo mashua haikuweza kupita. Hata kama sheria ya pori la hifadhi ingeruhusu injini upande wa pili, mawe yasingeruhusu. Waliburuta mtumbwi, mablanketi, kamba na nguo za sufu vikiwa ndani, Vieno akapiga magoti mbele, Kurt nyuma, wakaanza kupiga makafi. Kwenye jiwe la mwisho la mkondo kulikuwa na kipande cha utepe wa fedha, kimejikunja.

Ziwa lilipofunguka mbele yao lilikuwa limechafuka, mawimbi yana vichwa vyeupe. Vieno alitafuta upande wa ng'ambo, hakuona kitu. Akatafuta katikati.

"Kule," Kurt alisema.

Mtumbwi ulikuwa umezama mpaka ukingoni, ukionekana na kupotea. Bwana Haskell alikuwa amepiga magoti anakumba maji kwa sufuria ya kupikia. Mbele, ndani ya jaketi la kuokolea lililomzidi, Josie alikuwa anapiga kafi peke yake, upande mmoja tu, na mtumbwi ulikuwa unazunguka polepole.

Vieno alishawahi kuogopa maishani. Alimuogopea mumewe hospitalini, alimuogopea Kurt alipoanza kuendesha gari. Lakini hofu hii ilikuwa na jina lake mwenyewe juu yake, na ilimpa nguvu ambazo mtu wa umri wake hakutarajiwa kuwa nazo. Walipokaribia alipaza sauti ile ile aliyozoea kuwakemea nayo watu, ila sasa ilikuwa na kazi.

"Usisimame! Mtu yeyote asisimame! Tupa mizigo majini, yote!"

Bwana Haskell aliangalia mzigo wa chakula kana kwamba anaomba ruhusa, kisha akausukuma. Kurt alisogea mpaka Vieno akaweza kuunganisha kamba kwenye pua ya mtumbwi wa kijani. Kumvusha mtoto kati ya mitumbwi miwili kwenye mawimbi yale kungewapindua wote wanne. Ilibidi wauvute, hivyo hivyo ulivyo, hadi kwenye rasi ya miamba iliyokuwa upande ambako upepo ulikuwa unaelekea.

Walikaribia kabisa. Vieno alikuwa ameshaanza kuona rangi ya kuvu kwenye mawe, ndipo wimbi lilipouinua mtumbwi wa kijani ubavu na kuwamwaga waliokuwamo.

Kurt alijitosa. Maji yalimfika kifuani. Alimkamata Josie kwa kola ya jaketi, akamrusha kama mfuko kwa Vieno, aliyekwisha kuparamia mwamba, akarudi kumfuata baba aliyekuwa anajaribu kusema kitu na mdomo hautii. Kwenye mwamba Vieno alimvua mtoto nguo zote bila haya, akamkausha kwa blanketi, akamvisha sufu, kisha akafungua jaketi na shati lake akamfungia ndani, ngozi kwa ngozi. Mtoto alikuwa ameacha kutetemeka. Hilo ndilo baya: baridi ilikuwa imemzidi nguvu.

"Josie. Una mbwa?"

Vieno alimsugua mgongo.

"Nimekuuliza, bibie. Una mbwa?"

"Biskuti," mtoto alisema, kwa ulimi mzito.

"Sijakuuliza unataka kula nini."

"Anaitwa Biskuti."

"Hilo jina la mbwa? Ana rangi gani?"

Alimuuliza njia nzima ya kurudi, kwanza kwenye mtumbwi mwepesi kando ya ufuo, kisha kwenye mashua. Rangi, mkia, alalapo, alichowahi kutafuna. Kwenye mashua ya injini, katikati ya habari za kiatu cha shangazi, meno ya mtoto yalianza kugongana, na Vieno akalia, waziwazi, machozi yakimdondokea Josie kichwani. Bwana Haskell alimshika mkono akawa anamshukuru. Alimwita malaika. Vieno angependa kuruka majini.

Lorna alikuwa gatini. Nyuma yake bomba la sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke, lilikuwa linatoa moshi. Alikuwa ameiwasha na kuiacha vuguvugu tu, si ya kuunguza, ameweka supu na chupa za maji ya moto zilizofungwa taulo. Alimpokea mtoto bila neno akaingia naye. Kurt alishuka anatetemeka, nguo zimemganda.

"Wakishalala, mimi na wewe tutazungumza," alimwambia mkewe mlangoni.

"Hutazungumza naye," Vieno alisema. "Ni mimi. Alfajiri mvua ilinyesha, nikaupindua, nikasahau. Bwana Haskell, wewe pia sikia. Nusura nimuue mwanao mimi, si mtu mwingine."

Bwana Haskell aliuondoa mkono wake kwenye mkono wa Vieno. Akaingia kwa binti yake. Kurt alibaki amesimama na maji yanamtiririka, akatazama chini.

Lorna alitoka baadaye kidogo, nguo mbichi mikononi. Alimkuta mkwewe bado yuko pale nje.

"Najua ni wewe," alisema. "Nilikuona dirishani."

"Uliniona? Na ukampa mtumbwi?"

"Nilidhani umeukagua. Umeugeuza mwenyewe, kwa mkono wako. Nilitaka kuja kukuuliza." Alizihamishia nguo mkono wa pili. "Nikaona nisikuudhi asubuhi na mapema."

Vieno alishika nguzo ya mlango.

"Na pale kwenye nyasi? Nilikutukana, uko kimya. Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, Mama, ungebisha. Kurt angeingilia. Tungesimama pale tukibishana," Lorna alisema, "na mtoto yuko majini."

Alipita na zile nguo kwenda kuzianika. Vieno alitaka kumfuata, lakini alibaki ameshikilia nguzo akimsikiliza Josie, ndani, akimwambia baba yake kwamba ana njaa.